Mrehani Nyuma ya Wavu

Miche miwili ya mrehani ilitoka katika shina moja. Mwandishi wa makala haya alikata vikonyo, akavitia katika bilauri ya maji kando ya sinki mpaka vikatoa mizizi, kisha akavipanda katika makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini. Kopo moja lilibaki jikoni, kwenye kizingiti cha dirisha la nyumba ya ghorofa huko Upanga, Dar es Salaam. La pili lilipandishwa paani na kuwekwa karibu na tangi la maji, kwa kuwa dirishani nafasi ilikuwa imekwisha. Udongo ulikuwa mmoja, samadi ile ile, na mwagiliaji yule yule.

Kusi ilipoingia, tofauti ilikuwa ya wazi. Mrehani wa jikoni ulikuwa umekunja majani ya juu, unanata ukiushika, na upande wa chini wa kila jani changa walikuwa wamebanana vidukari, wadudu laini wa kijani ambao wakulima wengi wa Tanzania huwaita wadudu mafuta. Ule wa paani ulikuwa mfupi, majani yake madogo na magumu, mengine yametobolewa. Huko nako vidukari walikuwepo, lakini wachache, na katikati yao alikuwa akizunguka mdudu mweusi mrefu mwenye madoa ya rangi ya chungwa, akiwala mmoja baada ya mwingine bila haraka. Huyo ni mtoto wa wale wadudu wa mviringo, wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambao watoto hupenda kuwatembeza kiganjani. Mzazi hupendwa kwa sura yake. Mtoto, ambaye hakurithi sura hiyo, mara nyingi hupondwa na mtu anayedhani amemkamata mharibifu.

Kila anayeotesha viungo ndani ya nyumba huanza kwa kuuliza dawa gani ya kupuliza. Makopo yale mawili yalileta swali jingine, na ndilo lililomfaa mwandishi miaka yote iliyofuata: paani kuna nini ambacho jikoni hakipo?

Kuna mvua inayopiga majani na kuangusha wadudu. Kuna upepo. Kuna jua linalokomaza jani upesi, na jani lililokomaa humtaabisha mdudu anayeishi kwa kufyonza. Halafu kuna wale wanaomla mdudu mwenyewe. Jikoni kuna wavu wa mbu. Wavu huo haukumzuia kidukari, maana hakuingilia dirishani. Aliingilia mlangoni, ndani ya kikapu, chini ya jani la fungu la mnaanaa lililonunuliwa Soko la Kisutu na kutiwa majini ili liote. Waliozuiwa ni wale ambao wangemfuata: mdudu mwekundu wa madoa, nzi wa maua ambao funza wao hula vidukari, na nyigu wadogo mno wanaotaga yai ndani ya mwili wa kidukari akiwa hai. Kwenye mimea ya nje, ukitazama kwa makini, utaona vidukari waliovimba wakawa rangi ya kahawia, wamekauka palepale walipo. Hao wameshaliwa kwa ndani na mtoto wa nyigu.

Kwa kasi, kidukari hana mpinzani. Katika joto la pwani hahitaji dume. Jike huzaa watoto hai, wote majike, na ndani ya mtoto anayezaliwa leo tayari wajukuu wameanza kuumbika. Haipiti wiki moja au siku kumi, mtoto naye anazaa. Mtu akiapa kwamba juzi hakuona kitu, huenda anasema kweli. Wakijaa sana kwenye shina moja, huzaliwa wenye mabawa, wakahamia kopo la pili.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mrehani wenyewe unajulikana kwa kufukuza wadudu. Kivumbasi, jamaa yake wa porini, kimefukiziwa mbu nyumbani tangu zamani. Magharibi mwa Kenya, pembezoni mwa msitu wa Kakamega, kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group hulima jamaa mwingine wa ukoo huo, Ocimum kilimandscharicum, hukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator. Iweje basi mmea wenye sifa hiyo uliwe na kidukari? Mafuta yale makali hukaa katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Kidukari huchomeka mrija wake katikati ya seli, akaupitisha taratibu mpaka kwenye mishipa inayobeba sukari. Hagusi ghala la dawa hata kidogo.

Sukari hiyo huwa nyingi kuliko mahitaji yake, kwa hiyo hutoa ya ziada kama majimaji matamu. Ndiyo ile hali ya kunata. Juu yake huota ukungu mweusi unaofanya jani lionekane limepakwa masizi, na harufu ya utamu huo huwaita sisimizi.

Hapo ndipo anapoingia jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja mzaliwa wa Pemba, aliyekuja kuomba majani ya mchaichai akaukuta msafara ukipanda ukutani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hao usiwamwagie mafuta ya taa. Wafuate.”

“Niwafuate wapi, bibi?”

“Wanakokwenda. Sisimizi hapandi mti bila sababu. Ana ng’ombe wake huko juu.”

Wataalamu wa wadudu wangekubaliana naye. Sisimizi huwalinda vidukari ili wapate majimaji yao: huwafukuza wadudu wanaokuja kuwala, na wengine huwabeba kuwapeleka kwenye chipukizi jipya. Tangu siku hiyo mwandishi hukagua sisimizi kabla ya kukagua majani. Msafara ukielekea kwenye kopo fulani, hana haja ya miwani kujua wadudu wako wapi. Na akiukata msafara, kwa kulisimamisha kopo juu ya kigae katikati ya sahani yenye maji, nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa vidukari wasio na mlinzi ni rahisi kuwashinda.

Bibi hakuwa na chuki na sisimizi wote, na hapo alikuwa na haki. Katika minazi ya kwao wamo maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi kujenga kiota na wanaouma kweli kweli. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, Michael Way, aliwachunguza katika minazi ya Zanzibar. Palikuwa na mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zikapukutika, na minazi iliyotawaliwa na maji moto ilisalimika. Mdudu huyo hadi leo anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa jina la Way. Sisimizi mmoja analinda mali ya mkulima, mwingine analinda mwizi wake. Cha kutazama ni yupi yuko kwenye mti wako.

Kisa cha kopo la jikoni kimewahi kutokea kwa ukubwa wa bara zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung’ata wa muhogo, mdudu mweupe anayeonekana kama amepakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini, akaonekana kwanza katika nchi mbili za Kongo. Kwao alikuwa mdudu asiye na jina kubwa. Huku alifika bila maadui zake, akakausha mashamba kutoka nchi moja hadi nyingine. Wanasayansi waliamua kurudi alikotoka na kutafuta nani anamla. Mwaka 1981 walimpata Paraguay: nyigu mdogo ambaye mtu hawezi hata kumhisi akitua mkononi, sasa anaitwa Anagyrus lopezi. Alizalishwa, akaachiliwa Nigeria mwaka huo huo, kisha nchi baada ya nchi, na kidung’ata akashuka. Mswisi Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wakati huo alikuwa amehamia Nairobi kuongoza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo.

Vidung’ata wa jikoni ni wa jamii nyingine, lakini tabia ni ile ile. Hujificha kwenye makwapa ya majani ya rosmari na mshubiri, na nta yao nyeupe huifanya sabuni iteleze. Dawa yao ni pamba iliyochovywa katika spiriti ya hospitali, kidung’ata mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, inayofaa kufanywa mtu akisikiliza taarifa ya habari.

Utitiri mwekundu ana hadithi yake. Dada wa mwandishi anaishi Muscat, ambako Waswahili ni wengi na kiyoyozi hunguruma sehemu kubwa ya mwaka. Ana mrehani wa dirishani na mnaanaa wa chai. Siku moja alituma ujumbe wa sauti.

“Kaka, mrehani wangu umeingia vumbi. Naupangusa, kesho vumbi limerudi.”

“Chukua karatasi nyeupe, dada. Ishike chini ya tawi, kisha gonga tawi. Halafu subiri kidogo.”

Baada ya dakika chache ukaja ujumbe wa pili, mfupi: “Vumbi linatembea!”

Utitiri hata si mdudu kwa hesabu ya wataalamu. Ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui, na urefu wake hauzidi nusu milimita. Huchomachoma seli za jani na kuzinyonya, jani likabaki na vitone vyeupe kama lililonyunyiziwa unga wa sembe, na wakizidi hufuma utando mwembamba kati ya vikonyo. Hupenda joto na ukavu. Chumba chenye kiyoyozi kinampa ukavu mwaka mzima, na nyumba iliyofungwa madirisha inamwondolea adui. Joto likikaribia nyuzi 30, yai huweza kufikia utu uzima kwa muda wa kama wiki moja tu.

Adui wake mkuu anajulikana vizuri. Ni utitiri mwenzake, Phytoseiulus persimilis, mwekundu wa kung’aa, mwenye mbio, asiyekula jani hata akifa njaa. Ulaya ilimpata kwa bahati: mwaka 1958, Ujerumani, katika maua ya okidi yaliyotoka Chile. Leo huzalishwa kwa biashara, na Naivasha, penye mashamba ya waridi yanayouza Ulaya, kampuni ya Dudutech huzalisha viumbe wa aina hii ili kupunguza unyunyiziaji. Lakini hakuna atakayemuuzia mtu wa Muscat au Upanga utitiri wa sufuria moja. Dada alibaki na kifaa cha bafuni: aliuinamisha mrehani chini ya bomba, akafunika udongo kwa mfuko wa plastiki, akapiga maji upande wa chini wa majani. Kisha alirudia kila baada ya siku chache, maana maji huangusha wanaotembea na kuacha mayai mengi. Akausogeza pia mbali na mdomo wa kiyoyozi. Haukuwa ushindi wa siku moja, na matawi mawili yalikatwa na kutupwa.

Kati ya dawa zote, inayofaa jikoni kuliko nyingine ni sabuni, na watu huikosea kwa kuidharau au kuizidisha. Sabuni huyeyusha nta ya ngozi ya mdudu laini na kuvuruga utando wa seli zake, naye hukauka. Inafanya kazi ikiwa mbichi tu. Ikikauka juu ya jani haina nguvu tena, kwa hiyo mdudu asiyeguswa amepona. Ndiyo maana anayepuliza juu ya majani na kuacha chini anasafisha majani, basi. Kipimo cha mwandishi ni vijiko viwili vya chai vya sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, ikayeyushwa katika lita moja ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvichumvi, na sabuni hugandamana humo ikafanya utando mweupe; maji ya mvua ni bora. Dawa hiyo hujaribiwa kwanza kwenye jani moja, hungojwa siku nzima, na hupulizwa jioni, si mchana wa jua. Mnaanaa ukipulizwa huoshwa vizuri kabla ya kuingia birikani. Nani anataka chai yenye povu?

Mwarobaini unastahili heshima yake, ila uwekwe mahali pake. Mwaka 1959, nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wamemaliza kila kitu lakini miarobaini imesimama na majani yake, akaanza utafiti wa maisha. Kiini chake kikuu, azadiraktini, kimejaa zaidi katika kokwa kuliko katika majani, kwa hiyo anayechemsha majani matupu anapata dawa hafifu. Haiui papo hapo: huvuruga kujivua ngozi kwa mdudu na kumkatisha hamu ya kula, na jua huiharibu upesi. Ubaya wake kwa mpishi ni uchungu. Mwandishi huitumia kwenye maua na mshubiri. Kwenye dania na mnaanaa hathubutu.

Pareto nayo, inayolimwa nyanda za juu Kenya na Tanzania na, kwa upande wa Tanzania, kusindikwa Mafinga, huua haraka na huvunjika haraka juani. Ndani ya nyumba jua hilo ni kidogo, hivyo hudumu zaidi, na ni sumu kali kwa samaki wa tangini. Huua pia wadudu wema. Kutoka kwenye ua hakukuifanya iwe maji ya kunywa. Majivu hufaa shambani, jikoni huleta mchanga kwenye kachumbari. Vitunguu saumu na pilipili zilizosagwa hufukuza wadudu kiasi na wageni zaidi.

Kuna chupa moja ambayo haikufunguliwa. Katika duka moja la pembejeo muuzaji aliisogeza mbele kwa fahari: “Hii kiboko, bosi. Nyanya zote zinapigwa hii.” Lebo ilikuwa na mkanda wa njano, yaani sumu ya kiwango cha kati, ilitaja nyanya na kabichi, na ilitaka siku kadhaa zipite kabla ya kuvuna. Ilikuwa ya aina inayoingia ndani ya mmea na kusafiri na utomvu. Kwa mkulima wa nyanya anayefuata masharti, sawa. Lakini mrehani wa jikoni huchumwa kila jioni, jani zima huliwa, na dawa iliyo ndani ya jani haioshwi kwa maji yoyote. Viuatilifu nchini husajiliwa kwa matumizi yaliyotajwa, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kopo la dirishani halikuwamo katika matumizi ya chupa ile.

Vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa udongo havihitaji maelezo marefu. Funza wao hula ukungu na mizizi laini katika udongo uliolowa daima, na udongo hulowa daima kwa sababu kila anayepita jikoni akiwa na maji yaliyobaki kwenye glasi huyamwaga koponi kwa huruma. Udongo wa juu ukiachwa ukauke kina cha pingili moja ya kidole kabla ya kumwagilia tena, hupungua. Samadi isiyoiva huwarudisha.

Halafu kuna kutupa, jambo ambalo wapenda mimea hulichelewesha mno. Mrehani uliokwisha maua, shina limekuwa mti na vidukari wamejaa mpaka kwenye tumba, hauna wiki nyingi mbele yake hata ukitibiwa. Mwandishi hukata ncha mbili safi, huzizamisha katika maji ya sabuni na kuzisuuza, huziotesha upya katika bilauri, na mmea mama hufungwa kwenye mfuko na kutolewa nje. Fungu jipya kutoka sokoni siku hizi halikai na wenzake. Hukaa bafuni wiki mbili, likikaguliwa chini ya majani.

Na wavu je? Yapo majira ambayo mwandishi alifikiria kuuondoa dirisha moja ili nyigu na wadudu wa madoa wapite. Lakini Dar es Salaam imepigwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, mbali na malaria ya siku zote, na mbu wa dengue huuma mchana, saa zile zile mtu anapokata vitunguu. Wavu umebaki. Badala yake makopo ndiyo yanayosafiri: kila moja hupanda paani kwa zamu, hukaa juma zima kwenye upepo, kisha hushuka. Jua kali huwa limeunguza majani mawili matatu, na mara nyingi kidukari aliyevimba wa kahawia ameachwa juu ya jani.

Bibi wa ghorofa ya chini aliupokea mpango huo vizuri, isipokuwa zile sahani za maji za kuzuia sisimizi. Mbu wa dengue hutaga kwenye vyombo hivyo hivyo vidogo, na katika joto la hapa hufikia kuruka kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Alizikagua kwa tochi ya simu, moja baada ya nyingine.

“Umewafukuza sisimizi, unafuga mbu?”

“Nitayamwaga kila Ijumaa, bibi.”

“Ijumaa na Jumanne. Na tia sabuni humo.”